Mbuzi wa Kitanda cha Dirishani

Mwalimu aliyekuja kutufundisha namna ya kuzungumza na wagonjwa alikuwa na miwani ya fremu nyekundu, na jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba tujifunze kukaa. Muuguzi anayeongea na mgonjwa akiwa amesimama, alisema, mgonjwa anamwona kama mtu anayeaga. Vuta kiti, kaa, macho yako yawe sawa na macho yake. Nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja, miguu imevimba ndani ya viatu, na mimi ni mtu wa hasira za karibu, wenzangu wote wanalijua hilo. Nikamwambia kwamba katika wodi yetu kuna kiti kimoja tu, na msimamizi wetu hukifungia ofisini ili ndugu za wagonjwa wasikipeleke uani kukalia wakipika. Watu wakacheka. Na yeye akacheka, kisha akaendelea na somo lake.

Alitufundisha mambo mengi. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Mgonjwa akisema jambo, mrudishie maneno yake mwenyewe, ajue kwamba umemsikia. Usiahidi usichokijua. Nyamaza, uache kimya kifanye kazi yake. Usifanyie mzaha ugonjwa wa mtu, hata kama yeye mwenyewe anacheka. Hapo kwenye kimya niliinua mkono tena. Nilimwambia kwamba hapa Lubumbashi ukikaa kando ya mgonjwa bila kusema neno, mgonjwa wa kitanda cha pili ataanza kukupa pole. Alifikiri kidogo, akasema ni jambo zuri la kuzingatia, na muda huo huo umeme ukakatika na picha zake zote zikapotea ukutani.

Sisemi haya kumcheka. Mengi aliyotufundisha nayatumia mpaka leo na yanasaidia. Lakini wakati ule nilikuwa tayari na mgonjwa mmoja, mzee wa kitanda cha dirishani, ambaye mimi naye tulikuwa na namna yetu ya kuzungumza, na namna hiyo haikuwa katika masomo ya mtu yeyote.

Alikuwa mzee wa Sakania, mji mdogo wa mpakani, aliyefanya kazi ya reli tangu ujana hadi alipostaafu. Binti yake, anayeishi huku Annexe, pembezoni mwa mji, na kulima mboga za kuuza, ndiye aliyemleta mjini baada ya kusikia kwamba tumbo la baba yake limejaa maji. Alifika akiwa na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata wakati wa kuogeshwa, miguu imekonda, tumbo limejaa kama la mama anayekaribia kujifungua. Siku ya kumpokea nilikuwa namuuliza maswali ya kawaida, amezaliwa wapi, aliwahi kuugua nini, nikamsikia ana lafudhi ya bibi yangu. Nikamuuliza, kwa udadisi wangu tu, upande wa mama yake ni watu wa ukoo gani. Akajibu kwamba ni watu wa mbuzi.

Nikaweka kalamu chini. Mimi kwa mama ni mtu wa chui.

Mzee aliponiona nimeiweka kalamu alielewa kabla sijasema. Akamgeukia binti yake na uso wa mtu aliyeuzwa.

"Mutoto yangu, sasa njo unaniua. Unanileta ku chui."

"Na chui haikule tangu asubui," nikamwambia.

Wodi nzima iliangua kicheko, hata wale ambao kwao hakuna mambo haya. Kwetu watu wa namna hiyo wanaitwa banungwe, watani wa ukoo. Chui hula mbuzi, kwa hiyo mtu wa chui na mtu wa mbuzi ni watani tangu kuzaliwa, hata kama hawajawahi kuonana. Munungwe wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako, akakuambia una sura mbaya, na huna ruhusa ya kukasirika. Zaidi ya yote anakutania kuhusu kifo chako. Ni haki yake, kwa sababu ukifa ndiye atakayefanya kazi ambazo ndugu zako hawawezi kuzifanya kwa uchungu, na atazifanya huku akichekesha watu, ili msiba usiwameze walio hai. Bibi yangu alinifundisha haya nikiwa mdogo. Mjini watu wengi wameyasahau, wengine wanayaonea aibu.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nikiingia na sinia la dawa, mzee alikuwa ananiuliza swali lile lile. "Munungwe, utanizika siku gani?" Na mimi nilikuwa namjibu, "Lundi." Akiuliza kwa nini Jumatatu, nilimwambia siku nyingine zote niko na kazi. Yeye alidai Jumatatu ni siku mbaya, watu wanatoka kazini na njaa, watamaliza bukari yote, ugali wote wa msiba, na mimi chui nitabaki kulamba sufuria. Nilimwambia kitanda chake nimeshakiahidi kwa mtu mwingine, mtu mwenye heshima asiyenuka beberu. Aliniambia sindano zangu zinaonyesha kwamba chui wa siku hizi hawana meno, wanachoma bila kufika popote.

Lakini dawa alizimeza kutoka mkononi mwangu tu. Wenzangu walipompelekea alizificha shavuni, kisha akazitupa nje dirishani. Alipotakiwa kutolewa maji tumboni kwa ile sindano ndefu, alikataa hadi nikaja, nikamwambia kwamba chui anataka kuona kama mbuzi ana nyama au ana maji tu. Akalala chali, akanipa mkono wake niushike. Aliniambia maumivu yake yalipo, usiku gani hakulala, chakula gani kilimrudi. Yote aliyasema katika matusi. Mwalimu yule na fremu zake nyekundu angekaa kwenye kiti siku nzima asipate nusu yake, na nasema hivyo bila kujisifu, kwa maana kazi hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya bibi zetu waliokufa zamani.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo mzee hakulifanyia mzaha, nalo lilikuwa Sakania. Dada yake mkubwa alikuwa bado hai huko, kizee asiyeweza kusafiri kirahisi, na mzee alitaka kumwona. Na kama mambo yangekuwa mabaya, alitaka yamkute huko, katika nyumba ambayo alipanda miti yake mwenyewe, alazwe karibu na mama yao. Aliniambia kwamba barabara ile yenye mashimo mtu anaivumilia akiwa bado anaweza kukaa wima. Akishashindwa kukaa, ndugu hawatampakia tena. Kwa hiyo alichotaka kujua kilikuwa kidogo na cha maana: angoje apone, au aende sasa wakati bado anaweza kukaa.

Majibu ya vipimo yalifika. Daktari alimwita binti kwenye korido, na mimi nikasimama pale kwa sababu ndiyo kazi yangu. Akamweleza kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili chake cha haraka, kwamba ini limeliwa, kwamba maji yatarudi kila yakitolewa, kwamba hakuna dawa hapa wala mahali ambapo wao wangeweza kufika. Binti alisikiliza akiwa ameshika kijiko cha kusongea bukari. Alikuwa ametoka nacho uani, na unga ulikuwa unakaukia juu yake.

Kwetu habari kama hiyo haipelekwi kwa mgonjwa. Inapelekwa kwa familia, na familia inaibeba. Daktari anajua hivyo, mimi najua hivyo, na hakuna aliyelazimika kulisema. Hata hivyo binti alinifuata hadi chumba cha dawa, akafunga mlango nyuma yake.

"Usimuambie, mama. Mama yangu, docteur alimuambia, akageukia ku kikuta, hakukula tena. Hakumaliza hata juma. Ni ile neno njo ilimuua."

Nilitaka kumwambia kwamba si neno, ni ugonjwa. Lakini sikuwepo mama yake alipokufa, na yeye alikuwepo. Nimewaona watu waliogeukia ukuta. Nikamwambia sitasema. Nikamwambia pia kuhusu Sakania, kwamba baba yake anataka kwenda, na kwamba kama ni kwenda, basi ni sasa. Alijibu kwamba kumpeleka Sakania ghafla ni sawa na kumwambia, kwani mzee si mjinga. Acha kwanza watoe maji mara nyingine, apate nguvu kidogo, waende kama watu wanaokwenda kutembea. Alikuwa analia na kile kijiko bado mkononi.

Kesho yake asubuhi niliingia na sinia langu. Mzee alikuwa ameketi ameegemea mto, akitazama kupitia dirishani jinsi binti yake anavyopuliza makaa ya jiko la mbabula uani. Aliponisikia hakugeuka.

"Munungwe, utanizika siku gani?"

Nikafungua mdomo niseme Jumatatu. Neno hilo nilikuwa nimelisema asubuhi nyingi bila kulifikiria. Halikutoka. Nilijaribu kulivuta, likakataa, kwa sababu sasa lilikuwa na tarehe ndani yake, na sikuijua tarehe ila nilijua ipo. Na katika kukosa huko, yale masomo ya fremu nyekundu yakanijia, yamejipanga vizuri, na mimi nikayakimbilia. Siku hiyo kiti kilikuwa nje kwa bahati. Nikakivuta. Nikakaa, macho yangu sawa na macho yake.

"Papa," nikamwambia, kama tunavyomwita hapa kila mwanamume tunayemheshimu, "ninaona leo unafikiri mingi. Ni nini njo inakusumbua?"

Aligeuka polepole. Alikitazama kiti, kisha akanitazama mimi niliyekalia kiti.

"Leo unaniita papa," akasema.

Nikanyamaza. Nilifundishwa kunyamaza, na isitoshe sikuwa na lingine. Kitanda cha pili kilikuwa na kijana aliyevunjika mguu mgodini, mtu wa kucheka kuliko wote, na hata yeye alizima simu yake iliyokuwa ikiimba. Mzee aliishusha kofia yake hadi kwenye nyusi.

"Basi uniambie kintu kimoja. Ningoje ao niende?"

"Unajiuliza kama ungoje ao uende," nikamwambia.

"Ni miye nauliza. Weye jibu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake zamu yake. Nikamwambia kwamba daktari atazungumza na familia, kisha nikampa vidonge, akavimeza bila maji, na akarudi kutazama dirishani. Niliinuka nikarudisha kiti ofisini. Msimamizi, ambaye alikuwa amenisikia kutoka mlangoni, alinisifu. Alisema kwamba sasa ndiyo naanza kuzungumza na wagonjwa kama muuguzi. Nilienda chooni nikafungua bomba ili watu wasinisikie, lakini bomba halikuwa na maji.

Nimeirudia asubuhi hiyo mara nyingi kichwani na bado sioni mlango wa kutokea. Kama ningemwambia, "Utakufa, mbuzi, nenda kwenu," angecheka, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia kila siku, na angebaki kitandani akisubiri kupona. Utani wetu ulikuwa umemzoeza kusikia kifo bila kukisikia. Na kumwita kwa heshima, kwa sauti ya chini, kwenye kiti, kulikuwa ni kumwambia kila kitu ila jibu la swali lake. Munungwe anayeacha kukutania ameshaanza kukulilia. Mtoto wa Sakania anayajua hayo kabla ya kujua kusoma. Watu wananiambia nijisamehe. Sina cha kujisamehe, nina hasira tu, na hata hiyo hasira sijui niipeleke kwa nani.

Mchana binti alinijia, sauti imempanda.

"Ulimuambia nini?"

Nikamwapia kwamba sikumwambia neno, na ilikuwa kweli. Akasema kwamba baba yake ameamka akidai kwenda Sakania leo hii, amejaribu kuvaa suruali mwenyewe na kuanguka kati ya kitanda na ukuta. Binti alikuwa amewapigia wajomba zake simu. Walikubaliana kwamba safari isubiri, kwamba mtu aliyeanguka hawezi kupanda gari. Aliyasema haya kwa ukali, kisha ukali ukamwishia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kosa. Nilimwambia sijui. Nilikwenda pia kwa daktari. Daktari alisema kwa upande wake mgonjwa anaweza kwenda, hata kesho, mradi familia ikubali na kumchukua. Familia ilisema itakubali daktari akisema mgonjwa ana nguvu. Nikawa natembea kati ya wawili hao na maneno ya kila upande, na kila nilipofika nilikuta mlango ule ule.

Nilijaribu kurudi tulikotoka. Siku iliyofuata niliingia wodini kwa kelele, nikamwita mbuzi tangu mlangoni, nikamuuliza kwa nini wodi inanuka zizi. Yule kijana wa mgodini alicheka upesi kunisaidia. Mzee alinitazama kwa upole, akatabasamu kama tunavyomtabasamia mtoto aliyekuletea maua ya majani.

"Asante, mama," akaniambia.

Alikuwa hajawahi kuniita mama. Niliposikia neno hilo nilijua kwamba na yeye ameniwekea kiti. Tangu hapo tulizungumza vizuri sana. Umelala vipi, papa. Nimelala, mama, Mungu asifiwe. Maumivu? Kidogo tu, mama. Alimeza dawa kutoka mkono wa muuguzi yeyote, hakuficha hata kidonge kimoja shavuni, na hakuniuliza tena atazikwa siku gani. Wala hakuuliza kuhusu Sakania. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Walimtoa maji, yakarudi. Kuketi kukamshinda, akawa anatazama dari badala ya uani, na kitanda cha dirishani hakikuwa na maana tena.

Mwalimu yule alipita siku moja kuona kama tunafuata mafunzo. Alinikuta nimekaa kando ya mzee, tumenyamaza wote wawili, mkono wangu juu ya shuka. Alisimama mbali ili asitusumbue. Baadaye aliniambia kwamba ameguswa, kwamba ndicho hasa alichomaanisha. Alikuwa mtu mwema na nilimshukuru. Sikuweza kumweleza kwamba alichokiona ni watu wawili waliopoteza lugha yao.

Alasiri moja nilikuwa namwogesha. Binti alikuwa ameenda kuchota maji, kijana wa mgodini alikuwa ameruhusiwa kwenda kwao. Nilikuwa nafuta mgongo wake kwa kitambaa, mgongo ambao sasa ulikuwa mifupa tu, na yeye amenipa kisogo, kofia kichwani. Akazungumza bila kugeuka.

"Munungwe. Unitukane kidogo."

Nikasimamisha mkono. Nikasema, "Mbuzi weye," na sauti ikaniishia hapo hapo. Nikajaribu tena, ikatoka hewa tu. Nilikuwa na matusi mengi ya kumpa, matusi ya bibi yangu, mazuri, ya kumfanya mtu acheke hadi aombe msamaha. Hayakuja. Yalikuja machozi, nami nilishukuru kwamba hanioni.

Akangoja. Kisha akaanza kunisaidia, polepole, kama mtu anayemfundisha mwingine wimbo.

"Sema: mbuzi weye, ndevu nyeupe."

"Mbuzi weye, ndevu nyeupe."

"Na mpaka leo unaogopa chui."

"Na mpaka leo unaogopa chui."

Mabega yake yalitikisika. Alikuwa anacheka. Nikarudia maneno yake moja baada ya jingine, kama nilivyofundishwa, mpaka alipochoka, nikamgeuza, nikamfunika. Ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho. Alikufa asubuhi siku chache baadaye, wakati mimi nikiwa kwenye kitanda kingine nikipima joto la mtu aliyelalamikia chakula.

Nilidhani yameishia hapo. Kwetu kazini mtu akifa, kitanda kinaoshwa, godoro linatolewa juani, na jina lingine linakuja. Lakini siku ya mazishi binti alitokea mlangoni mwa wodi, amevaa kitenge cha msiba, vumbi la Annexe hadi magotini. Nilidhani amekuja kunilaumu, nikajiandaa.

"Shangazi wa Sakania amefika," aliniambia, kisha akaendelea kwa lugha ya nyumbani. "Anakatala muili itoke. Anasema mbuzi haitoke mu nyumba bila chui. Tulitafuta munungwe mu quartier yote, hakuna. Ni weye tu."

Nilimtazama. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuweza hata kuniomba radhi au kunichukia. Nikavua glavu, nikamwomba msimamizi ruhusa, nikaondoka naye nikiwa na sare yangu nyeupe.

Nyumba yake iko mbali, baada ya lami kuisha, kati ya mashamba madogo ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Upepo wa baridi wa majira yale ulikuwa unapeperusha vumbi juu ya turubai la msiba. Mlangoni alikaa kizee mmoja, ameketi chini, miguu ameinyoosha kuziba kizingiti, na uso wake ulikuwa uso wa mzee wangu bila kofia. Barabara ile iliyosemwa kwamba haipitiki na mgonjwa, yeye aliipita, kwa umri wake, juu ya magunia ndani ya lori. Aliniuliza mimi ni mtu wa nini. Nikamjibu. Akaikunja miguu yake, akanipisha.

Jeneza lilikuwa katikati ya chumba. Juu yake waliiweka ile kofia ya sufu. Watu waliniangalia, wazee kwa hamu, vijana kwa mashaka, wakijiuliza huyu muuguzi atafanya nini. Ndugu hawawezi kubeba kabla munungwe hajasema. Nilipiga moyo konde, nikaichukua kofia, nikaivaa. Mtu mmoja akacheka. Nikaligonga jeneza kwa kifundo cha kidole, kama unavyobisha mlangoni.

"We mbuzi," nikasema, na safari hii sauti ilitoka. "Nilikuambia lundi. Leo ni siku gani? Hata kufwa unakosa heshima."

Wakacheka. Kizee wa Sakania alipiga kofi magotini. Nikaendelea, matusi ya bibi yangu yakaja yote, yaliyochelewa, nikamtukana ndevu zake na tumbo lake na dawa alizozitupa dirishani, na chumba kikajaa kile kicheko cha msiba ambacho hakiko mbali na kilio. Hata vijana walicheka. Na katikati ya kicheko hicho nikainama hadi mdomo wangu ulipokaribia ubao, nikasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwa sababu nilitaka waisikie.

"Uliniuliza ungoje ao uende. Basi nakujibu. Ulikuwa unakufwa. Nilijua. Enda. Usingoje, enda ku Sakania mbio, ungali unaweza kukaa."

Hapo ndipo walipocheka zaidi ya pote. Mtu akapiga vigelegele. Mzaha mkubwa ulioje, kumwambia maiti kwamba anakufa, kumharakisha safari. Nilisema ukweli wote mbele ya watu wote, na ulikuwa mzaha bora wa siku ile, wakaniambia hivyo baadaye wakinipa chakula.

Binti peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni, ameshika ukuta, ananitazama. Kisha wanaume waliinama wakalinyanyua jeneza, na tukaenda kumzika kwenye makaburi ya hapa hapa Lubumbashi.